Riwaya mbili, albamu mbili na barabara moja: ubebe ipi kati ya Kisumu na Nakuru?

Kila Ijumaa ya pili natoka Kisumu kwenda nyumbani Nakuru, na Jumapili jioni narudi. Kama malori hayajafunga barabara pale Salgaa, ni safari ya saa nne hivi: Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, Salgaa, halafu unaanza kuziona taa za Nakuru. Saa nne kwenda na saa nne kurudi si haba. Ndizo zilizonirudisha kwenye vitabu baada ya miaka ya kusoma jumbe za simu tu, na ndizo zilizonizoesha kusikiliza albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, badala ya kurukaruka kama panzi.

Kazini wameshanijua. Mwezi hauishi kabla mtu hajaniuliza, "Nina likizo wiki moja, nisome nini?" au, "Nimechoshwa na nyimbo za redioni, nipe kitu." Zamani nilimjibu mtu papo hapo kwa kumtajia kile kilichokuwa kimeniteka wiki hiyo. Kosa. Rafiki mmoja nilimpa riwaya nzito wakati nyumbani kwake kuna mtoto wa wiki tatu. Alisinzia ukurasa wa 12, na tangu siku hiyo anaapa kwamba vitabu si vyake. Vitabu havikuwa na hatia. Siku hizi namuuliza mtu kwanza: utakuwa wapi, utakuwa na nani, na kutakuwa na kelele kiasi gani?

Hapa nitalinganisha vitu vinne vilivyonishibisha miezi hii michache: riwaya mbili na albamu mbili. Hakuna hata kimoja kilichotoka juzi. Kwangu kipya ni kile ambacho nilikuwa sijakisoma au kukisikia sawasawa.

Wenyewe ni hawa

Cha kwanza ni *Siku Njema* ya Ken Walibora, riwaya ya Kiswahili iliyotoka mwaka wa 1996. Msimulizi ni Kongowea Mswahili, kijana aliyezaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu, anayeondoka kumtafuta baba asiyemjua hadi huku kwetu magharibi mwa Kenya. Walibora mwenyewe alikuwa mtu wa Bungoma. Alifariki Nairobi Aprili 2020.

Cha pili ni *The River and the Source* ya Margaret Ogola, ya mwaka wa 1994. Ni riwaya ya Kiingereza inayofuata vizazi vinne vya ukoo mmoja wa Kijaluo, kuanzia Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, hadi wajukuu na vitukuu wanaoishi mijini. Ogola alikuwa daktari wa watoto. Hebu fikiria mtu anayetibu watoto mchana na kuandika kitabu kama hicho kwa wakati wake. Mwaka wa 1995 kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, na mwaka huohuo kikachukua tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza kwa kanda ya Afrika.

Cha tatu ni *Midnight Train*, albamu ya tano ya kundi la Sauti Sol, iliyotoka Juni 2020 wakati tumefungiwa majumbani kwa sababu ya korona. Ina nyimbo 13.

Cha nne ni *En Mana Kuoyo* ya Ayub Ogada, ya mwaka wa 1993. Nyimbo 10 za Kijaluo, nyatiti (ala ya nyuzi ya Wajaluo) na sauti yake. Kuna atakayesema huo si muziki wa kizazi kipya. Ni kweli, kilichotoka 1993 si cha kizazi kipya, lakini mpwa wangu wa miaka 19 anao kwenye simu yake, kwa hiyo kizazi kipya kimeshaamua chenyewe.

Nimevipima kwa nini

Sikutumia nyota wala alama kumi juu ya kumi. Nilijiuliza maswali matano. Je, kinavumilia kukatizwakatizwa? Lugha yake inamfungulia nani mlango na kumfungia nani? Kinakula muda na pesa kiasi gani? Ukikirudia kinabaki na nini? Na je, ni cha peke yako au cha watu?

Swali la kwanza ndilo nililolipa uzito zaidi, maana maisha ya wengi wetu ni ya kukatizwa. Ukiishi kwenye utulivu mkubwa, unaweza kuliruka.

Kukatizwa

Matatu ni mtihani mzuri wa sanaa. Unafungua kitabu, makanga anadai nauli. Unarudi kwenye mstari wako, tuta linakurusha. Mnasimama, dirisha linajaa mahindi ya kuchoma, njugu na maji ya chupa. Aliyekaa nawe anapigiwa simu, na sasa wewe na abiria wote mnajua kwamba shemeji yake hajalipa deni.

*Siku Njema* inavumilia haya yote. Kongowea anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na daima yuko mahali fulani akielekea mahali pengine. Ukikatizwa unarudi na kumkuta palepale ulipomwachia, kama msafiri mwenzako aliyeshuka kujinyoosha. Nimeisoma kati ya Kericho na Mau Summit, penye kona nyingi, na sikupoteza uzi. Kichefuchefu nilikipata, lakini hilo si kosa la mwandishi.

*The River and the Source* haitaki mzaha huo. Si kwamba ni ngumu kusomeka, ni kwamba ina watu wengi. Ukikiweka kitabu siku nne, unaporudi hujui huyu ni mtoto wa nani na yule alioa wapi. Mara ya kwanza nilikwama hivyo nikakiacha. Mara ya pili nilichukua kalamu nikachora ukoo mzima ndani ya jalada: Akoko juu, chini yake bintiye Nyabera, kisha Awiti, kisha kizazi kile cha mwisho kilichotapakaa. Tangu hapo sikupotea. Kama unakichukua, chora mapema. Kama umekiazima, chora kwenye karatasi.

*Midnight Train* imezaliwa kwa ajili ya kukatizwa. Wimbo ukikatwa na simu unauanza upya au unauacha uende, hakuna kilichoharibika. Wimbo mmoja tu ndio ninaolalamikia kwenye matatu, nao ni "Brighter Days", walioimba na Soweto Gospel Choir. Kwaya ile ina tabaka za sauti ambazo injini inazimeza zote, na kinachobaki ni kama watu wanaoimba nyuma ya ukuta.

Na *En Mana Kuoyo*? Nimejaribu mara tatu barabarani na mara tatu nimeshindwa. Nyatiti ina nyuzi nane, na zile za chini zinanguruma polepole mahali palepale injini ya matatu inaponguruma. Ukiongeza sauti, unapata zile za juu tu. Halafu dereva anaweka ohangla, muziki wa ngoma wa Kijaluo, kwa nguvu zake zote, na hapo mashindano yamekwisha. Albamu hii inataka chumba, usiku, na mlango uliofungwa. Hata friji ikinguruma utaichukia.

Lugha

Kiswahili cha Nakuru kina haraka, cha Kisumu kinaimba. Vyote viwili havifanani na Kiswahili cha *Siku Njema*, ambacho kimevaa kanzu na kofia. Methali, misemo, tamathali, tena methali. Anayependa lugha atakuwa kama amepelekwa Kongowea, nasema ile soko ya Mombasa, na kuambiwa achukue anachotaka. Asiyezoea atachoka mapema. Mimi niko katikati. Kuna kurasa nilizozisoma kwa sauti peke yangu chumbani kwa utamu wake, na kuna mahali nilitamani mhusika mmoja tu aseme "sijui" bila kuipamba. Lakini kumbuka aliyeandika si mtoto wa pwani. Ni mtu wa bara, wa upande wetu, aliyeamua kwamba Kiswahili ni chake pia na hatakiombea ruhusa kwa mtu. Nikilifikiria hilo, zile pambo nyingi naziona kwa jicho lingine.

Kiingereza cha Ogola ni chepesi, mwanafunzi wa kidato cha pili anakimudu. Utamu wake uko kwenye Kijaluo kilicho chini yake. Kuna neno *chik*, yaani sheria na desturi, linalokuja mara kwa mara, na ukilielewa hilo umeshakielewa nusu ya kitabu. Serikali ni *sirikal*. Kisumu ni *Kisuma*. Akoko anaponyang'anywa haki na shemeji yake baada ya kufiwa na mume na wana, anaondoka kwa miguu kwenda Kisuma kuishtakia sirikal. Mimi ninayekaa mji huohuo na kulalamika kwa kupanda boda kutoka Kondele hadi stendi, pale niliona haya.

Sauti Sol wamechanganya kila kitu, Kiingereza, Kiswahili, sheng, na vionjo vya Kiluhya. Hakuna atakayefungiwa mlango nje, na pengine ndiyo sababu baadhi ya maneno hayaachi alama. Kuna nyimbo ninazozijua kwa miaka sasa na bado sijawahi kuwaza zinasema nini hasa.

Kwa Ogada mambo ni kinyume. Sikijui Kijaluo zaidi ya salamu na bei za sokoni. Kwa miezi miwili nilisikiliza bila kuelewa kitu, na wala sikuona nimepungukiwa. Jioni moja mvua ilikuwa inajikusanya juu ya ziwa, dirisha langu liko wazi, na "Kothbiro" unaimba. Jirani yangu, mama anayeuza omena (dagaa) pale getini, akaacha kufunika beseni lake na kuniita.

"Mwanangu, unajua huyo anasema nini?"

"Sijui, mama."

"Anasema mvua inakuja. Anawauliza watoto wako wapi, warudishe ng'ombe nyumbani." Akafunika beseni, akatazama juu. "Na inakuja kweli. Anua nguo zako."

Nikaenda kuanua nguo. Tangu hapo wimbo huo siusikii tena kama wimbo wa huzuni. Walimwengu wengi waliujua kupitia filamu ya *The Constant Gardener* ya mwaka wa 2005, na kule uliwekwa mahali pa majonzi. Kumbe ni mtu mzima anayeangalia mawingu na kuwaita watoto. Baadaye mama huyo alinifasiria na majina mengine. "Dala" ni nyumbani. "Chiro" ni sokoni. "Ondiek" ni fisi. Na jina la albamu lenyewe? "Ni mchanga tu," akasema, na hapo hakuongeza kitu.

Muda na pesa

Hapa sitakaa sana. *Siku Njema* ni fupi, safari mbili za Nakuru zinaimaliza. *The River and the Source* ilinichukua wiki tatu, pamoja na siku za kuvizia. Vyote viwili vimewahi kutahiniwa shuleni, kwa hiyo nakala za mitumba si adimu mijini mwetu. Yangu moja niliipata kwa bei ya sahani ya wali maharage. Usipotaka kununua, kuna maktaba za umma Kisumu na Nakuru. Albamu zote mbili hazizidi saa moja na kidogo kila moja, na gharama ni bando. Pakua ukiwa mahali penye mtandao wa bure, maana baada ya Kericho kuna vipande ambavyo simu inatafuta mtandao mpaka inapata joto.

Tahadhari moja kuhusu mitumba: hesabu kurasa kabla hujalipa. Nakala yangu ya Ogola ilikuwa imechomolewa kurasa kama nane, na niligundua nikiwa nimeshafika Awasi. Nitakieleza kisa chake, maana kiligeuka kuwa kizuri.

Kurudia

Nilisoma *Siku Njema* mara ya kwanza shuleni, kwa ajili ya mtihani, na nilikariri wahusika na sifa zao kama jedwali la kuzidisha. Mama yake Kongowea nilimwandikia "mhusika msaidizi, mvumilivu, msanii" nikapata alama zangu tatu. Sasa nimekisoma kama mtu mzima, na ni yeye niliyekuwa namngoja kila ukurasa. Mwanamke anayeimba taarabu, anayelea mtoto bila mume, mjini ambako kila mtu anamjua na ana lake la kusema. Riwaya inamfuata mwana, kama ilivyo haki yake, lakini mimi nilibaki nyuma Tanga na mama. Tukio la kutafuta baba lilinipungua nguvu mara ya pili kwa sababu njia nilikuwa naijua. Yule mama aliniongezeka.

*The River and the Source* inakupa kitu tofauti ukiirudia. Sehemu ya kwanza, ya Akoko na Nyabera, ina moto ambao hauzimiki. Nyabera anazika watoto, anazika mume, anabaki na binti mmoja, halafu anaamka na kutafuta maisha mengine kwenye misheni. Mara ya kwanza nilipita hapo mbio kwa sababu nilitaka kujua mwisho. Mara ya pili ilibidi nikifunge kitabu nitazame mashamba ya chai kidogo. Nusu ya pili, nasema kwa heshima zote, ina haraka. Watu wanakuwa wengi, wanakua, wanaoa, wanakufa, na mwandishi anatembea kama mtu anayetaka kumsalimu kila mgeni kabla harusi haijaisha. Najua wasomaji wanaoipenda zaidi sehemu hiyo kwa sababu ndiyo inayofanana na familia zao. Hatugombani.

*Midnight Train* ilinikamata siku ya kwanza kuliko vyote. "Suzanna" na "Insecure" nilizirudia mpaka jirani akajua maneno. Sasa, miaka kadhaa baadaye, kuna nyimbo mbili ambazo kidole changu kinaziruka chenyewe. Lakini jambo moja limetokea ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka wa 2023 wale wanne, Bien, Savara, Chimano na Polycarp, walitangaza kwamba wanapumzika kama kundi, kila mtu ashike njia yake. "Nenda Lote", ambao nilikuwa nausikia kama wimbo wa mpenzi anayefukuzwa, ukageuka masikioni mwangu kuwa kitu kingine kabisa.

*En Mana Kuoyo* ndiyo pekee ambayo kila mara naikuta imeongezeka. Mara ya kwanza nilisikia gitaa la ajabu. Mara ya tano nikasikia vidole. Mara ya kumi na ngapi sijui nikatazama mzee mmoja akipiga nyatiti kwenye arusi, ameketi kwenye kigoda kifupi, ana njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu anayoigonga kwenye ubao wa chombo chenyewe. Nyumbani nikarudi kwenye albamu, na nikaelewa Ogada alichokipunguza ili nyuzi zipumue. Alikuwa amewahi kupiga nyatiti yake mitaani London. Nilipomwambia binamu yangu hivyo, aliniuliza kwa dhati, "London ipi, hii yetu?" Wasioijua Nakuru, sisi tuna mtaa unaitwa London, na hauna kasri. Ogada alirudi, akafia kwake Nyahera, hapa kando ya Kisumu, Februari 2019.

Peke yako au na watu

Sasa zile kurasa nane. Zilichomolewa palepale Akoko anapopambana na shemeji. Niliposhuka Nakuru nilimweleza mama yangu, ambaye hasomi riwaya za Kiingereza. Akasema, mpigie dada yako. Dada akasema alikisoma zamani, anakumbuka nusu. Jumatatu nikamuuliza mlinzi wa ofisini Kisumu, kwa utani tu. Akaweka chini kikombe cha chai na kunihadithia kipande kizima, kwa Kiswahili, na ishara za mikono, akiwa amesimama getini huku magari yakipiga honi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita akamsahihisha. Wakabishana idadi ya ng'ombe wa mahari ya Akoko, mwalimu akashinda: 30. Huo ndio ubora wa kitabu hicho ukanda huu. Hukisomi peke yako hata ukitaka.

Cha Walibora kinagawika kwa njia nyingine. Mpwa wangu tunakisoma kwa zamu, sura moja yeye, sura moja mimi, na methali tusiyoijua tunaiandika. Deni letu la methali ni refu. Lakini sijawahi kuwaona watu wazima wakibishana getini juu ya Kongowea, na nafikiri anastahili.

*Midnight Train* ni ya sebule iliyojaa. Ina wimbo mmoja, "Disco Matanga (Yambakhana)", walioshirikiana na Sho Madjozi na Black Motion wa Afrika Kusini, ambao nyumbani kwetu ulizua mjadala kuliko mahubiri. Kwa wasioujua mchezo huo, disko matanga ni zile ngoma za usiku kucha penye msiba, hasa huku magharibi. Vijana wanacheza, pesa za mazishi zinachangwa, na mengine yanafanyika gizani ambayo ndiyo yamewafanya wakuu wa utawala kuzipiga marufuku mara kwa mara. Mjomba wangu wa Mumias alisikia wimbo huo Krismasi, akauliza, "Kwa hiyo sasa matanga ni sherehe?" Binti yake akamjibu, "Baba, wewe na mama mlikutana wapi?" Mjomba akaomba chai. Shangazi akaongeza sauti ya redio.

Ya Ogada ni ya peke yako, au wewe na mtu mmoja mwenye umri wa kukuzidi. Niliwahi kuiweka mbele ya watu wanane wakila nyama, na ndani ya dakika mbili mmoja aliuliza kama kuna msiba.

Basi, kulingana na hali yako

Ukiwa unasafiri kila mara na unataka kitabu kimoja cha mkobani, chukua *Siku Njema*, hasa kama Kiswahili chako kimebaki cha kazini na cha sokoni na unahisi kimeanza kukauka. Kama una aleji ya methali, anza na sura mbili kwanza kabla ya kununua.

Ukiwa na likizo halisi, siku saba au zaidi mahali pamoja, na hasa kama unapeleka mguu nyumbani kwa wazee upande wa ziwa, beba *The River and the Source*. Siku ya tatu utaanza kuwauliza maswali ya ukoo wenu na watakushangaa. Mwenye msiba wa karibuni nyumbani namshauri asubiri kidogo. Kitabu kina makaburi mengi kuliko jalada linavyoonyesha.

Ukiwa na mtoto mchanga, au zamu za usiku, au akili ambayo jioni haibaki na nafasi ya ukurasa hata mmoja, usijilazimishe kusoma. *Midnight Train* itakuoshea vyombo na kukufikisha kazini. Ni ile ile nitakayompa anayeandaa sherehe yenye watu wa rika tatu.

Ukiwa umehamia mji usioujua lugha yake, kama nilivyokuwa mimi Kisumu mwaka wa kwanza, weka *En Mana Kuoyo* usiku, stima ikipotea ndiyo vizuri zaidi, na simu uwe umeichaji mapema. Usitafute tafsiri mtandaoni. Acha dirisha wazi na usubiri mtu akuulize kama unaelewa.

Asiyeweza kuchagua kabisa anaweza kuoanisha. Ogola na Ogada vinakaa pamoja vizuri, kimoja mchana na kingine usiku, japo wiki hiyo usitegemee kucheka sana. Walibora na Sauti Sol ni jozi ya safari. Nimejaribu pia kumsoma Ogola huku Sauti Sol wakiimba, na sikushika hata kimoja. Kwenye kitabu reli ni joka kubwa linalokaribia ziwa, na masikioni treni ni ya watu wanaokimbilia maisha mazuri. Treni mbili hazipiti reli moja kwa wakati mmoja.

Mimi Ijumaa hii nasafiri na *Siku Njema*, nimebakiza sura nne na mpwa wangu ananidai zamu yake. Nakala ya Ogola sinayo. Iko kwa mama wa omena, anayesomewa na bintiye jioni wakishafunga biashara. Jana aliniambia wamefika kwenye zile kurasa zilizochomolewa, wamezijaza wenyewe, na yao ni bora.